Vifaa vya kliniki ya miguu: jinsi ya kusaplai, kuosha na kunoa, kutoka Nakuru hadi Kisumu

Kama unataka kuanza kusaplai vifaa kwa watu wanaohudumia miguu, kuanzia Nakuru ukishuka Kericho hadi Kisumu na kupanda Kakamega, panga biashara yako ukijua kuuza ni siku moja tu, kurudi kuangalia ndio kazi yenyewe. Wataalamu wa miguu waliosomea hiyo kazi peke yake Kenya ni wachache sana, kwa hivyo wateja wako wengi watakuwa masista na klinikal ofisa wa kliniki za kisukari, na wagonjwa wao ni watu ambao mguu umekufa ganzi. Nipa, yaani koleo la kukatia kucha, ikiwa butu na ikimvuta nyama kidogo hasikii chochote, anavaa viatu anapanda boda anaenda nyumbani na kidonda, na kidonda cha mguu cha mtu wa sukari sote tunajua kinaweza kuishia wapi. Kwa hivyo hivi vitu ukiuza, uza ukiwa umejipanga kuvitunza.

Anza na seti. Seti ya kawaida iwe na nipa kubwa ya kucha nene, nipa ndogo yenye ncha nyembamba ya kucha iliyoingia kwa nyama, kijiko kidogo cha kutoa uchafu pembeni mwa kucha, fosepi ya kushikia vitu, na mpini wa skalpeli (kisu kidogo cha daktari) namba 3. Hapo kwa mpini ndio watu huchanganyikiwa sana: namba 3 inashika bledi 10, 11, 12 na 15, na za kutoa sugu ni hiyo 10 na 15. Bledi za 20 kwenda juu zinataka mpini namba 4, usimletee mtu boksi ya bledi 22 halafu akae nazo kwa droo haziingii. Faili za mbao na msasa ni za mgonjwa mmoja, zikimaliza zinatupwa, hazioshwi.

Seti ngapi? Hesabu kwa wagonjwa, usihesabu kwa pesa mteja aliyonayo siku hiyo. Otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ukiweka muda wa kupasha moto, muda wa kuua vijidudu na muda wa kukausha, inakula lisaa limoja ama zaidi. Sasa kama kliniki inaona watu 12 asubuhi ya Jumanne na wewe umewauzia seti 3, mgonjwa wa 4 atafanyiwa na nini? Kitu kitachovywa kwa dawa dakika mbili tatu na kazi iendelee, na virusi vya hepatitis B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7. Ni afadhali umwambie mteja ukweli, anunue seti nyingi za bei ya kati kuliko seti 2 za bei kali.

Kuhusu chuma, usiamini peke yake yale maneno yamechongwa kwa mpini. Vifaa vingi duniani vinatengenezwa Sialkot kule Pakistan, na vizuri viko na vibaya viko, vile vya Tuttlingen Ujerumani bei iko juu. Kuna mtu atakuambia eti ukiweka sumaku na ishike basi hiyo si stenlesi, hapana, chuma cha kukata kama ile gredi 420 sumaku inakishika kabisa na ni stenlesi halali, ndicho kinachoshika makali. Kipimo changu ni hiki: bana nipa polepole ukiitazama mbele ya taa, ncha zikutane sawasawa bila moja kupanda juu ya nyingine, sikiliza kiungo kisikwaruze, halafu kata nailoni nyembamba kwa ncha kabisa. Ikikata safi sawa, ikivuta ama kutafuna rudisha. Ukinunua mzigo mpya kutoka kwa mtu humjui, chukua moja ama mbili uzioshe, zipite otoklevu, uziache na unyevu usiku kucha, asubuhi zitakuambia zenyewe.

Tuje kwa kuosha, juu hapa ndipo vifaa vingi hufia. Damu na usaha zikikauka kwa kiungo cha nipa hazitoki tena vizuri, kwa hivyo kifaa kikitoka kwa mguu kifunikwe na kitambaa chenye maji hadi kioshwe, na kioshwe mapema. Maji yawe baridi ama vuguvugu tu, ya moto sana yanapika damu igande kwa chuma. Vaa glavu nzito, tumia sabuni laini isiyo kali, brashi kama ya meno, fungua nipa yote, na usugue ukiwa umeizamisha ndani ya maji ili isikurukie usoni. Steel wool kaa nayo mbali na sabuni ya unga ya kufulia pia.

Halafu Jik, ile dawa ya klorini. Najua wengi tulifundishwa kuloweka kwa Jik dakika 10 kwanza ndio uoshe, na kuna vituo bado vinafanya hivyo. Mwongozo wa WHO wa 2016 haupendekezi kuloweka kwa dawa kabla ya kuosha, na kwa upande wa chuma naunga mkono mia kwa mia, klorini inakula stenlesi inaacha vishimo vidogo, na kishimo kikishatokea hakuna fundi wa kukirudisha. Jik ya sakafu na meza ni sawa. Mletee mteja sabuni ya enzaimu, ile inayovunja damu na uchafu, na umwonyeshe kipimo chake, hiyo peke yake itamwokolea nipa nyingi.

Maji ya mwisho ya kusuuza pia yaangalie. Maji ya bohoo ya Nakuru yana madini mengi, floraidi yake inajulikana hata kwa meno ya watu, na madini yakikaukia kwa chuma yanaacha madoa. Suuza mara ya mwisho na maji yaliyochujwa madini, hayohayo utumie kwa otoklevu. Ukipata doa la rangi ya chai usikimbilie kusema ni kutu, chukua ufutio wa penseli usugue: doa likitoka na chini chuma ni laini, hilo lilikuwa doa la maji tu. Likitoka na chini uone kishimo, hiyo ni kutu, kitoe kwa seti leo leo juu kitaambukiza vile vingine. Ndio maana vile vifaa vilivyopakwa kromu juu juu vitenge, kromu ikibambuka usivichanganye na stenlesi kwa trei moja.

Kausha kabisa, fungua kiungo, weka tone la mafuta ya vifaa, yale yanayochanganyika na maji. Mafuta ya cherehani hapana, mvuke haupiti kwa mafuta ya aina hiyo, kwa hivyo chini yake vijidudu viko salama wewe ukidhani umemaliza.

Sasa kitu ambacho wauzaji wengi hawaelezi, na huku kwetu kinahusu sana. Otoklevu ndogo za kuweka kwa gesi zina geji inayosoma presha, na vitabu vinasema psi 15 (psi ni kipimo cha presha) ndio digrii 121. Hiyo ni pwani. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru kama 1,850, Eldoret karibu 2,100, na hewa ya huku ni nyepesi, kwa hivyo psi 15 kwa geji ya Nakuru inakupa digrii 118 hivi, si 121. Kanuni ni kuongeza nusu psi kwa kila futi 1,000, yaani mita 300 hivi. Kisumu unaenda kama psi 17, Nakuru psi 18, Eldoret kidogo zaidi ya hapo. Kabla uongeze, soma kwanza sufuria yenyewe inaruhusu presha gani na uhakikishe valvu ya usalama inafanya kazi, kama haifiki hapo usiilazimishe. Zile mashine za mezani za stima zinazopima joto lenyewe hazina shida hii.

Muda unaanza kuhesabiwa joto likishafika: dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa, 30 kwa vilivyofungwa, kwa digrii 121. Stima ikipotea katikati unaanza upya kutoka sifuri, hakuna kuendelea pale ulipofika. Nipa ziingie zikiwa wazi, pakiti zisibanane, na ndani ya mzigo weka kile kikaratasi kinachosoma muda, joto na mvuke, juu tepu ya nje inaonyesha tu kwamba pakiti iliguswa na moto. Pakiti ikitoka na maji haijahesabika kuwa safi. Yule hana otoklevu lakini ana oveni kavu, digrii 160 kwa masaa 2 inafaa, na kwa vitu vya makali usipite hapo. Kale kaboksi ka taa ya bluu ka saluni hakaui vya kutosha, hata usikauze.

Kunoa. Nipa ikianza kuvuta, usiipeleke kwa gurudumu la kunolea panga. Moto wa lile gurudumu unabadilisha chuma, ukiona rangi ya bluu kwa makali ujue ugumu umeisha na haitashika tena. Noa kwa mkono, jiwe la almasi, ukifuata pembe ileile iliyotoka nayo kiwandani, upande wa bevu tu, ule ulioinama kwenda kwa makali, kisha ule uzi wa chuma unaobaki uutoe polepole. Mimi huacha seti ya kuazima kwa kliniki ninapochukua zao, kwa sababu sista mmoja alishaniuliza, "Sasa ndugu yangu, ukienda na nipa Jumatatu, Jumanne nikate na nini?" na swali lake lilikuwa sawa kabisa. Kila seti ipe rangi yake na daftari: ilinolewa lini, ilitoka kwa nani, imebaki ngapi.

Makaratasi ni mafupi: vifaa vya matibabu viko chini ya Pharmacy and Poisons Board, kwa hivyo hakikisha anayekuuzia na wewe mwenyewe mko sawa nao, na invoisi yako ipitie eTIMS, ule mfumo wa invoisi wa KRA. Hospitali za serikali malipo huweza kukawia, usiweke mtaji wote huko.

Na ukipeleka bledi, peleka na safety boksi siku hiyohiyo. Bledi inatolewa kwa fosepi ama kitoleo chake, kamwe si kwa vidole, inaingia moja kwa moja kwa boksi, na boksi likijaa robo tatu linafungwa linaenda kwa hospitali yenye kichomeo.