Kuhesabu bakteria wa kitasa cha darasa, hatua kwa hatua

Muulize mwanafunzi bakteria wa shuleni wamejaa wapi, atakujibu chooni. Mpe kijiti cha pamba aanzie kwenye kitasa cha darasa, swichi ya taa, koki ya maji na dawati, kisha mzungumze tena baada ya siku mbili.

Hatua ya 1: Andaa ageri (chakula cha bakteria kinachoganda kama jeli) na maji ya chumvi. Yeyusha chumvi gramu 8.5 kwa lita moja ya maji, ugawe mililita 10 kila chupa. Maji matupu huziumiza seli. Chupa hizo na ageri ya virutubisho vikae kwenye sufuria ya presha, nyuzi 121 kwa dakika 15. Ageri ikishapoa hadi nyuzi 50 hivi, mimina mililita 15 hadi 20 kila sahani ya maabara yenye kifuniko. Ukiimimina ya moto, mvuke hugeuka matone kwenye kifuniko, na matone yakidondoka koloni, yaani vidoa vya bakteria walioota pamoja, zinachanganyikana.

Hatua ya 2: Chagua saa na upime eneo. Nenda wanafunzi wakiwa wameshashikashika, kabla ya usafi. Dawa ya kuua viini iliyobaki juu ya uso hupanda kwenye pamba na kuendelea kuua ndani ya chupa, nawe utadhani pasafi. Kwa dawati, kata dirisha la sentimita 10 kwa 10 kwenye karatasi ngumu. Kitasa kina mviringo: baada ya kuchukua sampuli, kizungushie karatasi, weka alama pale ulipofuta, ikunjue upime.

Hatua ya 3: Futa. Chovya kijiti, kikamulie ukingoni mwa chupa, futa kwa mlalo, kwa wima, kisha mshazari huku ukikizungusha. Kivunjie ndani ya chupa na utikise dakika nzima. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, weka mililita 0.1 kwenye ageri, usambaze.

Hatua ya 4: Sahani ya ulinganisho. Chovya kijiti ambacho hakijagusa kitu, kifanyie yote yaleyale. Mwaka mmoja niliiruka hatua hii kwa haraka zangu. Kila sahani ikaota koloni nyeupe zinazofanana, kitasa sawa na dawati, dawati sawa na koki. Kumbe maji yangu ya chumvi ndiyo yaliyoingia uchafu. Kazi ya wiki nzima ikaenda na maji.

Hatua ya 5: Otesha. Bana kifuniko kwa vipande viwili vya tepu, usikizibe pande zote, kwa kuwa bila hewa huota jamii nyingine usizozitaka. Pindua sahani, ageri iwe juu. Saa 48, nyuzi 25 hadi 30. Shuleni usitumie 37: hilo ni joto la mwili wa binadamu, na wanaolipenda ndio hasa wanaoweza kutuletea ugonjwa.

Hatua ya 6: Hesabu bila kufungua. Sahani yenye koloni 25 hadi 250 ndiyo ya kuaminika. Ukipata 45 kwenye mililita 0.1, chupa nzima ina 4,500. Gawanya kwa sentimita 100 za mraba, unapata 45 kwa kila moja. Pamba haiachii bakteria wote, na si wote wanaoota kwenye ageri hii, kwa hiyo namba hiyo ni ya kulinganisha sehemu na sehemu tu.

Koloni za njano iliyokolea mara nyingi ni Micrococcus luteus. Nyeupe zenye kung'aa huenda ni Staphylococcus wa ngozini. Zilizotanda, kavu, zenye kingo zilizochanika, shuku Bacillus wa vumbini. Zenye manyoya ni kuvu, ziache. Rangi peke yake haithibitishi jina, basi usimtangazie mtu kwamba mmepata ugonjwa.

Hatua ya 7: Teketeza. Sahani zote, zikiwa zimefungwa, ziingie kwenye mfuko unaostahimili joto, kisha presha tena, nyuzi 121, dakika 20 au zaidi. Za plastiki zitajikunja na kugandana. Ndiyo maana ya mfuko, la sivyo utakwangua sufuria hadi jioni.