Uliza Maji Kabla Hujauliza Kitanda

Saa nne asubuhi maharusi wa kutoka Dar es Salaam walifungua pazia la chumba chao hapa Jambiani, Unguja, na punde bwana harusi alikuwa amesimama mbele ya meza yangu ya mapokezi. "Dada, bahari yenu iko wapi?"

Hakuwa anatania. Jana yake walifika saa kumi alasiri, maji yanalamba ngazi za hoteli. Sasa palikuwa na mchanga mtupu, vijiti vya mashamba ya mwani, kina mama wameinama, na mbali kabisa ule mstari mweupe wa mawimbi yanayopasuka mwambani. Nikamwambia itarudi mchana, saa nane hivi. Akaniuliza kama meneja yupo.

Nimekaa mapokezi miaka saba, katika hoteli tatu za pwani hii, na swali hilo nimelijibu mara nyingi kuliko swali la bei. Ndugu zangu wa bara na wa Mombasa wanaponipigia simu wakitaka niwatafutie pa kufikia Unguja, huanza na "nipatie penye bwawa" au "nipatie pa bei poa". Mie huwauliza: mnakuja tarehe ngapi?

Tarehe kwanza, kwa sababu bahari yetu inafuata mwezi. Chukua kalenda ya Kiislamu, ile ya kubandika ukutani. Mwezi unapoandama na unapofika siku ya kumi na tano, ni bamvua: maji hupanda na kushuka kwa karibu mita nne. Siku hizo, Unguja, maji hukupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri. Ukifika siku ya saba au nane, na tena ishirini na mbili, ni maji mafu. Hayapandi sana wala hayaendi mbali, na asubuhi saa nne ndipo yanapojaa. Kila siku saa husogea mbele kama dakika hamsini. Mama yangu analima mwani na hajawahi kutazama jedwali la maji. Anahesabu siku za mwezi tu, na hakosei.

Sasa weka hesabu hiyo juu ya ramani. Pwani ya mashariki yote, tangu Matemwe, Pongwe na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, ina mwamba mbele yake, na kati ya mwamba na ufukwe sakafu ni ya kina kifupi. Bamvua ikikupwa, panabaki madimbwi. Ni pazuri ajabu kutembea, ila vaa viatu, maana kuna wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba wanaojificha kwenye majani. Kuogelea, subiri. Nungwi na Kendwa kule kaskazini ufukwe unashuka haraka, kwa hiyo unaweza kuingia majini karibu saa yoyote.

Basi kama una siku tatu tu, watoto wawili wanaotaka kushinda majini, na tarehe zako zimeangukia bamvua, nenda kaskazini, hata kama mie ni mtu wa Jambiani. Lakini ujue unachonunua. Kule pana watu wengi zaidi, muziki hadi usiku, bei ya juu, na mapapasi. Papasi kwetu ni yule mdudu anayeng'ang'ania ngozi. Jina wamepewa vijana wanaokuandama ufukweni na safari za boti na miwani. Wengi si wabaya, wanatafuta riziki. Sema "ahsante kaka, leo napumzika" kwa Kiswahili, na mara nyingi yanaishia hapo. Ndani ya Kendwa, ukitaka utulivu, uliza chumba kilicho mbali na baa, siyo kilicho karibu na bahari.

Upepo nao. Kusi, hasa kati ya Juni na Septemba, hupiga pwani ya mashariki usoni. Utalala bila feni, lakini mchanga utaingia kwenye chai na mwani uliong'oka utalala ufukweni ukinuka. Wapenda tiara za majini, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, ndiyo wakati wao. Paje huwa imejaa rangi angani, na mwenye mtoto mdogo wa kuogelea atawaona kero. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Machi, joto huwa kali na feni peke yake haitoshi. Masika, Aprili na Mei, bei hushuka na hoteli nyingi hufunga kabisa. Ukipata iliyo wazi, uliza kama jiko linafanya kazi au utakula mkate wa jana.

Mji Mkongwe watu huuruka, na hapo ndipo ninapogombana nao. Ukija na boti kutoka Dar, kama saa mbili za safari na wakati wa kusi zenye kutapisha, umechoka. Kwa nini upande tena gari hadi Nungwi, karibu kilomita sitini? Lala mjini usiku mmoja, ule urojo, ukae Forodhani jua likizama. Ila kuchagua nyumba ya wageni mjini kuna mitihani yake. Shangazi yangu wa Mombasa, mwenye magoti mabovu, nilimpangia nyumba moja nzuri ya zamani, vitanda vya samadari, milango ya nakshi. Chumba kiko ghorofa ya tatu, ngazi zimesimama wima kama za mnazi. Alipanda mara moja, hakushuka hadi siku ya kuondoka, chakula tulimpelekea. Mpaka leo akiniona anagusa magoti. Kwa hiyo mjini uliza ghorofa ya ngapi, na gari linaishia wapi, kwani vichochoro vingi havipiti gari na mabegi utayaburuza. Adhana ya alfajiri utaisikia popote utakapolala, usiandike malalamiko.

Halafu wale wanaokuja usiku tatu na kukodi sehemu tatu: mjini, Paje, Nungwi. Likizo yote wanaimalizia barabarani, na pesa ya teksi ingelipa chumba kingine. Chagua upande mmoja. Daladala zipo, 116 ya Nungwi na 309 ya Jambiani, na mie hupanda, lakini na masanduku na watoto si starehe.

Ukishapata upande, piga simu. Usitegemee picha. Picha zote mnazoziona zimepigwa maji yamejaa; mie mwenyewe niliwahi kutumwa kumwita mpiga picha aje saa kumi ya bamvua, siyo kabla. Mwambie wa mapokezi akupigie video ya WhatsApp sasa hivi, atembee kutoka mlango wa chumba hadi kwenye maji. Utaona umbali, utaona ujenzi wa jirani, utasikia nyundo. "Mandhari ya bahari" maana yake bahari inaonekana, pengine kwa kusimama juu ya kiti. Sema unataka ufukweni.

Uliza maji ya bafuni ni ya chumvi au matamu. Huku shamba visima vingi vina chumvi, na sabuni haitoi povu. Uliza umeme ukikatika jenereta inawasha nini: taa tu, au kiyoyozi pia. Uliza chandarua kama kina matundu. Ukiwa Mtanzania, tamka wazi: "Nipe bei ya mkaazi." Hoteli nyingi wanayo, na wengi hawaitaji mpaka uitaje. Wakenya na Waganda nao waulize kama kuna bei ya Afrika Mashariki. Kisha uliza kama bei hiyo ni ya chumba au ya kichwa, na kama kodi na ada za serikali zimo ndani. Aliyenijibu "utalipa kidogo ukifika" sijawahi kumpelekea mgeni.

Ukija Ramadhani, uliza chakula cha mchana kitapatikana wapi, kwani nje ya hoteli mikahawa mingi hufunga mpaka futari.

Yule bwana harusi meneja alimpa juisi ya bure na hakumpa bahari. Mkewe hakungoja juisi. Alifunga khanga kiunoni akawafuata kina mama kwenye mwani, kwa sababu bamvua kwao ni siku za kazi. Saa nane kasoro alirudi na mama yangu, wamelowa hadi mapajani, maji yanawafuata nyuma. Mumewe alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba chini ya mnazi. Mama akamwamsha kwa kumnyunyizia kidogo usoni. "Haya baba," akamwambia, "bahari yako hiyo."