Jinsi ya kumuombea mtoto shule ya bweni Uingereza ukiwa Tanga

Wazazi wenzangu, tangu mpwa wangu aende kusoma Uingereza kila nikipita Ngamiani kuna mtu ananisimamisha aniulize njia ni ipi, kwaiyo naeleza yote hapa. Nazungumzia shule za bweni za binafsi zinazopokea watoto wa nje na kuwaandaa kwa chuo kikuu, yani mtoto akimaliza form four huku anaenda kusoma A-level kule miaka miwili, masomo matatu mara nyingi, af ndo anaomba chuo.

Anza na jina, kabla hujaangalia shule yoyote. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti kama anayo, soma herufi kwa herufi. Sie cheti cha kuzaliwa kilikuwa na i mwishoni mwa jina la kwanza, vyeti vya shule havina, nikasema ah herufi moja tu hii, kumbe hiyo i moja ilitula wiki saba mpaka karatasi zote zikasoma sawa. Ukishamaliza hapo jaza fomu ya pasipoti kwenye tovuti ya Uhamiaji, unapewa kontrol namba, fomu ni 20,000 na ukijumlisha yote inafika 150,000, halafu unapeleka karatasi na mtoto ofisini.

Sasa kalenda, hapa ndo wengi wanakwama. Form four wanafanya mtihani Novemba, matokeo Januari, shule za kule zinafungua Septemba, mtu anasema nasubiri matokeo kwanza, wakati shule nyingi zinaanza kupokea maombi mwaka mzima kabla. Omba akiwa bado form four, tuma ripoti za form three na mock, matokeo ya NECTA utayaongeza yakitoka. Lakini kabla hujalipa hata senti hakikisha jina la shule lipo kwenye orodha ya serikali ya Uingereza ya wanaoruhusiwa kudhamini viza za wanafunzi wa nje, ipo wazi mtandaoni, na mtu akikwambia nitumie hela kwa simu nikufanyie mipango ya viza, usitume.

Shule itampa mtihani wa hesabu na Kiingereza, halafu usaili kwa video. Mpwa wangu alifanyia chumbani kwa mama yake, feni tumezima ili sauti isikike vizuri, jasho linamtiririka. Swali la kwanza kwanini unaitaka shule yetu, alikuwa amekariri jibu, akakwama katikati. Mwalimu akamuuliza tu kwenu wanalima nini, hapo akafunguka, akaeleza mkonge, mashine ya korona inavyokwangua majani, singa, yani zile nyuzi, zinavyoanikwa juani kama nguo nyeupe, wakaongea dakika ishirini. Kwaiyo msimkaririshe, mzoesheni kuongea Kiingereza kuhusu vitu anavyovijua.

Akikubaliwa wanatuma barua na ankara. Uliza ada waliyokutajia ina VAT au bado, mana tangu Januari 2025 shule za binafsi kule zinatozwa VAT asilimia 20, na kwenye ada ya pauni 40,000 hiyo ni 8,000 ya ziada. Kuna shule zinatoa punguzo kwa kufaulu na nyingine kwa kuangalia kipato cha familia, ni maombi mawili tofauti na hayaji yenyewe, uliza mapema. Kingine ni mlezi, shule nyingi zinataka mtu mzima anayeishi Uingereza awe mlezi wa mtoto, sababu katikati ya muhula kuna likizo fupi na mabweni mengi yanafungwa, mtoto atalala wapi? Kama huna ndugu wa kuaminika kule kuna kampuni zinafanya kazi hiyo kwa malipo, tafuta iliyokaguliwa na AEGIS, chama cha kule kinachosimamia ubora wa walezi hao.

Ukilipa amana shule inakupa namba ya CAS, yani uthibitisho wao kwamba wamempokea, hiyo ndo unaombea viza. Kama hajafika miaka 18 anaomba ile ya Child Student, haina sharti la mtihani wa Kiingereza, na unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya masomo. Pesa za ada na bweni za mwaka wa kwanza ambazo hujalipa bado lazima zikae kwenye akaunti ya mzazi au mlezi wa kisheria siku 28 mfululizo, na stetimenti isiwe imepitwa na zaidi ya siku 31 siku unayoomba. Wajomba wakichanga wachange mapema, pesa zikiingia juzi hazikusaidii, na zikikaa kwenye akaunti ya mjomba pia hazikusaidii.

Kipimo cha TB ni lazima na X-ray ya hospitali yoyote hapa Tanga hawaipokei hata iwe safi vipi, ni kliniki waliyoidhinisha tu, ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, pale Dar, cheti kinadumu miezi sita. Alama za vidole nazo ni Dar, kwaiyo panga miadi yote miwili wiki moja, mpande basi la alfajiri stendi ya Kange mara moja. Ada ya viza mwaka 2025 ilikuwa pauni 524, na ada ya huduma za afya za kule pauni 776 kwa kila mwaka atakaokaa. Bebeni barua ya ridhaa iliyosainiwa na baba na mama, cheti cha kuzaliwa halisi, na karatasi yoyote ya Kiswahili iwe na tafsiri iliyothibitishwa.

Majibu kwa kawaida ni wiki tatu. Tiketi ya ndege usinunue kabla, na nafasi ya form five aliyopangiwa na TAMISEMI usiiachie mpaka viza itoke.