Kuku, kibao na maji ya banda: ninavyojikinga na bakteria sugu

Nafuga kuku wa kisasa hapa Wete na haohao nawapikia wanangu. Kuku akipewa antibiotiki ovyo, bakteria dhaifu hufa, wenye usugu hubaki wakazaana. Ukiugua kwa bakteria hao, dawa ileile inaweza isikufae.

Jikoni, usioshe kuku mbichi. Najua mama zetu walituzoesha, lakini matone huruka mpaka kwenye kachumbari. Mimi hufuta damu kwa karatasi nikaitupa, kisha sufuriani moja kwa moja. Moto humuua bakteria sugu sawa na mwengine: paja lisibaki jekundu karibu na mfupa, na mwenye kipimajoto afikishe digrii 74. Kibao cha kukatia kuku kisikatiwe tungule. Mikono, sabuni.

Mfugaji mwenzangu, muite daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa. Halafu hesabu, tangu dozi ya mwisho, siku za kungoja zilizoandikwa kwenye pakiti, usichinje wala kuuza mayai kabla hazijaisha. Mie huziandika kwa chaki mlangoni mwa banda.

Maji ya kuoshea banda yasielekee kisimani wala kwenye mchicha. Vidonge vilivyobaki usivitie chooni. Muulize mfamasia pa kuvipeleka.