Kubandika PPF kwenye boneti: ukikwama ongeza maji

Watu wakimwangalia fundi wa PPF, ile plastiki angavu ya kulinda rangi ya gari, akifanya kazi macho yote yanakuwa kwenye mkono ulioshika skwiji, yaani kibao cha kusukumia maji, wanadhani siri iko pale. We angalia chupa za maji. Kazi yote hii ni kujua wakati gani unataka plastiki iteleze na wakati gani unataka ishike, na kinachoamua ni ulichopulizia chini yake. Nitaelezea boneti tu kwa sababu ndo inapigwa mawe zaidi na ukiiweza hiyo paneli nyingine nyingi utaziweza, isipokuwa bampa ambayo kusema kweli ni shule nyingine.

Kwanza ujue umeshika nini. PPF nzuri ni TPU, plastiki inayovutika na kurudi, ina gundi chini na juu ina koti laini linalojiponya mikwaruzo midogo likipata joto. Unene wake kwa kawaida ni maikroni 150 mpaka 200 hivi, wakati rangi ya kiwandani yote, kuanzia praima ya chini mpaka klia, lile koti angavu la juu, mara nyingi ni maikroni 100 mpaka 150, yaani unachobandika ni kinene kuliko rangi yenyewe, ndo maana jiwe dogo likigonga linaishia kwenye plastiki. Asili yake ni jeshini, 3M walitengeneza utepe wa aina hii wakati wa vita vya Vietnam ili mapanga ya helikopta za Marekani yasiliwe na mchanga. Ila isikudanganye, haizuii bodi kubonyea, ukigongwa umegongwa.

Kuna zile za PVC, plastiki nyingine ya bei ya chini, zinauzwa kwa jina hilohilo. Chukua kipande kidogo ukivute kwa vidole halafu uachie, TPU inarudi karibu ilivyokuwa, PVC inabaki imelegea kama soksi kuukuu. Halafu kikwaruze kidogo kwa brashi ya waya laini ukimwagie maji ya moto, kama michirizi haiondoki basi hakuna cha kujiponya hapo. PVC inakauka, inageuka njano na siku ya kuibandua inatoka vipandevipande huku gundi imebaki kwenye gari, mi hata bure siibandiki.

Hatua ya 1: uliza historia ya rangi

Hii wengi wanaruka. Rangi iliyopigwa upya lazima ipumue kwanza, kawaida subiri siku 30 angalau na muulize aliyepiga maana kuna rangi zinataka zaidi. Ukifunika mapema vile vimiminika vya ndani ya rangi vinakosa pa kutokea, utaona vipovu. Na kama rangi ya gereji haikushika vizuri chini, siku plastiki inabanduliwa inaweza kuondoka na rangi, kwa hiyo mwambie mwenye gari mapema kabla hujagusa chochote.

Hatua ya 2: usafi

Osha gari lote, sio boneti peke yake, maana maji machafu yaliyojificha kwenye grili na chini ya waipa yatakuja kutoka wakati plastiki iko hewani. Pulizia dawa ya kutoa chembe za chuma, toa lami, halafu pitisha klei, ule udongo laini wa kunasa uchafu kwenye rangi, na maji ya sabuni ya kutosha. Kujua kama umemaliza, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, pitisha vidole taratibu juu ya rangi, utasikia vichembe ambavyo mkono mtupu hausikii kabisa. Ukisikia mparuzo rudia klei.

Kama rangi ina mikwaruzo ya duara ya kuoshea piga polishi sasa hivi, kwa sababu ukishafunika umeifungia humo miaka 5 mpaka 10 na plastiki inayong'aa haifichi kitu. Nta na seramiki, lile koti la kupaka la kulinda rangi, visiwepo chini, gundi haitashika. Seramiki kama mteja anaitaka inakuja juu ya plastiki baadaye.

Sehemu inayosahaulika ni ukingo wa boneti kwa ndani, pale utakapokuja kukunjia. Pana grisi, vumbi la zamani na mabaki ya polishi. Zungushia kitambaa cha maikrofaiba kwenye kadi ngumu, kiloweshe alkoholi ya isopropili, pitisha mzunguko mzima, utashangaa kinavyotoka cheusi. Rudia mpaka kitoke kilivyoingia. Plastiki ikiinuka baada ya mwezi, mara nyingi kosa lilifanyika hapa.

Chumba kiwe kimefungwa, feni zimezimwa, joto nyuzi 18 mpaka 25 hivi, sakafu imwagiwe maji kidogo vumbi litulie. Na usivae sweta, jamani, nyuzi za sweta zinaingia chini ya plastiki kama zimealikwa.

Hatua ya 3: chupa mbili

Chupa ya kwanza ni ya kuteleza: maji safi yaliyochujwa na matone kama 5 mpaka 10 ya shampuu ya watoto kwa lita moja. Isiwe na rangi wala mafuta ya kulainisha nywele. Ukizidisha shampuu plastiki itaogelea mpaka jioni na gundi itachelewa kushika.

Chupa ya pili ni ya kushikisha: sehemu 1 ya alkoholi ya isopropili kwa sehemu 9 za maji, pakiwa pagumu kushika panda mpaka 2 kwa 8. Ziandike kwa maka nene, chupa zikifanana utapulizia ya kushikisha wakati unataka kuteleza, na hapo plastiki inang'ang'ania pasipotakiwa.

Hatua ya 4: kukata

Kuna njia mbili. Plota, mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, inakata kwa ramani ya gari lako kabla hujaanza, hakuna wembe unaogusa rangi, ila mara nyingi ukingo unabaki na nafasi ya milimita moja au mbili bila kufunikwa. Njia ya pili unakata pande kubwa kutoka kwenye roli, roli nyingi zina upana wa sentimita 152, unaacha ziada kila upande halafu unakunja ndani, inaonekana kama hakuna kitu. Watu wanasifia sana ya pili na kweli inapendeza, lakini ukikatia juu ya gari na mkono haujazoea utaacha mstari kwenye klia ambao hautoki. Anayeanza atumie ya plota au akatie kwa ule utepe wenye uzi wa kukatia ndani yake, wembe ukae mbali na rangi. Nembo ya gari itoe kwanza, joto kidogo na uzi wa kuvulia samaki unaupitisha nyuma yake ukiusugua kama msumeno.

Hatua ya 5: kulaza

Hapa uwe na msaidizi. Pulizia boneti yote maji ya kuteleza, pulizia na vidole vyenu maana kidole kikavu kinaacha alama kwenye gundi. Mmoja avute karatasi ya nyuma, mwingine apulizie gundi inavyofunuka, na mkishaanza kuvuta msisimame katikati, mkisimama panabaki mstari. Pindueni, mlaze, sasa plastiki inaelea. Isogeze mpaka ikae sawa na ziada ilingane pande zote. Usiwe na haraka kwa sababu kwenye maji haya unaweza kuinua na kulaza tena mara nyingi tu bila shida.

Ikikaa, pulizia juu yake pia ili skwiji iteleze, halafu anza katikati. Piga mstari mmoja wa kwanza kutoka mbele kuelekea kwenye kioo, huo ndo nanga. Kisha toka katikati kwenda pembeni, kila pigo liingie juu ya lililotangulia kama nusu hivi, mkono thabiti, maji yatangulie mbele ya skwiji. Ukiacha njia kavu kati ya mapigo mawili, maji yatakaa humo na utayaona kesho.

Hatua ya 6: vidole

Ukikaribia pembe ambapo boneti inapinda kwenda chini, ziada ya plastiki inajikusanya na kutengeneza mikunjo myembamba iliyosimama, sisi tunaita vidole. Kila anayeanza anataka kuikandamiza kwa skwiji. Usifanye hivyo, ukikandamiza inakuwa mkunjo wa kudumu. Inua plastiki kuanzia ukingoni mpaka upite pale kidole kinapoanzia, kwa mwendo mmoja, pulizia maji ya kuteleza mengi chini, halafu vuta nje taratibu ukitawanya mvuto kulia na kushoto ili ile ziada igawanyike sehemu kubwa badala ya kukaa pamoja. Laza tena. Kikibaki kidogo rudia, ukiipa joto kiasi plastiki inalegea. Ikinyooka ndo unapulizia ya kushikisha kwenye ile pembe, unasubiri sekunde chache, unapiga skwiji, imefunga.

Kipimo cha kuvuta ni macho. Ukiona michirizi ya rangi ya fedha kwenye gundi umevuta kupita kiasi na sehemu hiyo itataka kurudi ilikotoka, hata ukiibana leo itainuka baadaye.

Hatua ya 7: kingo

Huku maji hayatakiwi tena. Fungua boneti, futa ukingo wa ndani mpaka ukauke kabisa, punguza ziada ibaki milimita 5 mpaka 10, kwenye pembe kata kakato kadogo ili isijirundike. Pasha kwa hitigani, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, ukiwa unaitembeza muda wote, kunja kwa kidole, bana. Ikigoma kushika ni unyevu au grisi, sio upungufu wa joto, kwa hiyo usiendelee kuichoma, futa upya kwa alkoholi uiache ikauke.

Baada ya hapo

Gari likae ndani usiku kucha kama inawezekana, lisioshwe wiki nzima, na hata baadaye mashine ya presha isielekezwe kwenye kingo kwa karibu. Ukungu kidogo kama maziwa siku za kwanza ni unyevu, unaondoka wenyewe.

Kuhusu mapovu, bonyeza kwa ukucha kwanza. Likitembea ni maji, liache, litakauka ndani ya siku au wiki kadhaa kutegemea hali ya hewa, jua linasaidia. Likibonyea na kurudi palepale ni hewa, hiyo haiendi popote, toboa pembeni kwa sindano nyembamba iliyolala karibu sambamba na rangi halafu sukuma kwa kidole. Likiwa na kichembe kigumu katikati ni vumbi. Kama liko karibu na ukingo unaweza kuinua, kupulizia na kulisafisha siku hiyohiyo, likiwa katikati ya boneti na huoni ukisimama hatua moja nyuma, liache kama lilivyo, ukiinua plastiki yote kwa ajili yake utaingiza mengine kumi.