Skafu ya duara: usiunge mapema

Skafu yangu ya kwanza ya kufuma ilijisokota kama namba nane, nikaja kugundua donge la uzi limekaribia kuisha. Siku hizi nikishaanzisha vitanzi kwenye sindano ya mviringo (ncha mbili zilizounganishwa kwa waya laini), nafuma kwanza mistari mitatu ya kwenda na kurudi, ndipo naunga mwanzo na mwisho wa mstari kuwa duara. Vitanzi vitupu hujizungusha kwenye sindano hujui chini ni wapi. Ukanda wa upana wa kidole ukijipinda unauona. Ulaze mezani, ukingo wote uelekee ndani, kisha unga. Kipengo kitakachobaki kwenye ile mistari mitatu kishone kwa mkia wa uzi wa mwanzo, hakionekani. Ila kama vitanzi ni vichache na sindano ni ndefu, ncha hazitakutana hata ukivuta. Hapo tafuta sindano fupi.