Kutoa tyubu za florisenti na kuweka za LED kwenye tangi la matumbawe

Tyubu za florisenti zinazidi kuadimika. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa tyubu mpya za T5 (nyembamba) na T8 (nene zaidi) Agosti 2023 kwa sababu ya zebaki iliyomo ndani yake, na nchi nyingine zinafuata. Kwa sisi tunaofuga matumbawe, tyubu hizo hubadilishwa kila baada ya mwaka hivi hata kama bado zinawaka, kwa kuwa mwanga wake hufifia na rangi yake huhama. Kama fremu yako bado nzima, usiitupe. Inaweza kubeba LED kwa miaka mingi.

Hatua ya 1: Chagua tyubu

Pima urefu kwanza. T5 ya wati 24 ina milimita 549 bila pini, ya wati 39 ina 849, na ya wati 54 ina 1149. T5 na T8 haziingiliani: pini za T5 zimeachana milimita 5, za T8 milimita 13.

Usinunue tyubu nyeupe ya dukani inayowekwa sebuleni ukadhani kazi imekwisha. Tumbawe hulishwa na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake, na mwani huo hufaidi zaidi mwanga wa bluu, kati ya nanomita 420 na 470. Tafuta tyubu zilizotengenezwa kwa matangi ya bahari. Mimi hupenda bluu mbili kwa nyeupe moja. Hakikisha pia zimezibwa vizuri na mgongo wake si alumini tupu, maana mvuke wa chumvi hauna huruma.

Hatua ya 2: Amua kuhusu balasti

Zipo tyubu za LED zinazowashwa na balasti ya zamani, yaani kile kifaa ndani ya fremu kinachowasha na kudhibiti umeme wa florisenti, na zipo zinazopokea umeme wa nyumba moja kwa moja. Ushauri wangu ni aina ya pili. Balasti iliyokaa miaka juu ya maji ya chumvi iko njiani kufa, na ikifa tyubu mpya nazo zitazimika. Soma maandishi kwenye tyubu uone kama inakubali volti 220 hadi 240.

Kama fremu yako ina tyubu nne na balasti mbili, una bahati: badilisha jozi moja sasa, nyingine uiache kwa mwezi. Matumbawe yatahama taratibu.

Hatua ya 3: Shusha fremu

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Ondoa fremu juu ya tangi, uipeleke mezani, ndipo utoe tyubu. Tyubu ikivunjikia juu ya maji, zebaki itaingia majini. Subiri dakika chache kabla ya kugusa balasti, kwani huweza kuhifadhi chaji. Tyubu za zamani zifunge kwenye boksi lake, usizivunje.

Hatua ya 4: Funga waya upya

Kama hujawahi kufunga waya, mwite fundi umeme. Hapa hakuna nafasi ya kubahatisha.

Kata waya za balasti, uitoe yote. Kisha tazama mchoro uliokuja na tyubu. Nyingine hupokea laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) upande mmoja. Nyingine hupokea laivu upande huu na nyutro upande ule. Kwa zile za upande mmoja, pima holda (kishikio cha pini za tyubu) kwa multimita: ikiwa matundu yake mawili yameunganishwa ndani kwa ndani, utapiga shoti. Badilisha holda hiyo. Zenye kutu nazo zibadilishwe, ikiwezekana kwa zile zenye mpira wa kuzuia maji.

Waya wa athi, ule wa usalama, lazima ushike kwenye chuma cha fremu. Kwenye plagi ya pini tatu toa fyuzi ya ampea 13, weka ya 3. Tangi lote lipitie swichi ya RCD ya miliampea 30, ile inayokata umeme unapovuja. Mwisho, andika ndani ya fremu kwa wino usiofutika: HAKUNA BALASTI, LED TU. Atakayekuja baadaye asije akarudisha florisenti humo.

Hatua ya 5: Jaribu

Ingiza tyubu umeme ukiwa umechomolewa, uso wa taa ukitazama chini. Washa mezani kwa saa moja kabla ya kurudisha juu ya tangi. Waya wa plagi uning'inie chini ya soketi kidogo kabla ya kupanda, ili matone yadondoke sakafuni.

Hatua ya 6: Zoesha matumbawe

Hapa ndipo wengi hupoteza matumbawe yao. Florisenti humwaga mwanga pande zote. LED huuelekeza chini, hivyo matumbawe hupigwa na mwanga mkali zaidi, ingawa kwa macho utaona hakuna tofauti kubwa. Programu ya simu ya kupima mwanga nayo itakudanganya, kwa sababu hupima mwanga kama jicho la mtu linavyouona, na jicho halithamini bluu. Azima mita ya PAR ukiweza, ile inayopima mwanga ambao mwani wa tumbawe unaweza kuutumia. Matumbawe laini huridhika na 50 hadi 150. Yale magumu yenye matawi huhitaji 200 au zaidi.

Tyubu nyingi hazipunguzwi mwanga, kwa hiyo tandaza tabaka nne za wavu wa plastiki wa dirishani chini ya fremu. Ondoa tabaka moja kila wiki. Anza na saa sita za mwanga kwa siku, ongeza polepole hadi nane au tisa. Tumbawe likianza kupauka, rudisha tabaka moja au lishushe chini zaidi. Likigeuka kahawia, mara nyingi linadai mwanga zaidi.

Joto la maji litashuka kidogo na maji yatapungua polepole kuliko zamani, hivyo angalia kipimajoto na upime chumvi kabla ya kuongeza maji yasiyo na chumvi kwa mazoea. Futa chumvi kwenye tyubu kila wiki kwa kitambaa chenye unyevu, plagi ikiwa nje.